Mwendo wa Hillary

"Nyasi zimekatwa."

Simu ya Nokia ikakatika. Cheptoo alielewa: wanariadha wametoroshwa kambini Kitale, na Rutger, wakala anayewauza wanariadha ng'ambo, anawavusha mpaka wa Uganda leo hii.

Alikuwa amelala kifudifudi juu ya paa la duka la mbegu, Bungoma mjini. Mbele yake kulikuwa na kamera ya Sony na kompyuta ya Toshiba. Chini, mamia ya watu wenye fulana za njano na kofia walijipanga kwa mbio za kanisa za kuchangia mayatima.

Rutger ndiye aliyezifadhili.

Polisi walikagua kila gari lililoelekea Malaba. Lakini nani angewasimamisha waumini wanaokimbia? Wanariadha watatu wangevuka kizuizi kwa miguu. Kule Kanduyi gari liliwasubiri na pasipoti za bandia.

Gari gani? Hakuna aliyejua.

Mmoja wa watatu hao alikuwa Hillary, mdogo wake Cheptoo.

Jepkemboi, mkimbiaji wa kambi hiyo hiyo, alivushwa hivyo hivyo mwaka 2007. Alirudi ndani ya jeneza lenye jina la mtu mwingine.

Cheptoo alikuwa jasusi, na pia mhandisi. Aliunda programu ya kufuatilia wakimbiaji ili makocha waone kasoro za mwendo. Aliifundisha kwa mkono, picha baada ya picha, akibofya nyonga, goti na kisigino cha Hillary hadi macho yakamwasha. Rutger alichukua nakala, ati ya utafiti.

Akaitumia kuchagua wa kuwaiba.

Filimbi ililia. Miraba ya kijani ikajaa kwenye kioo.

Hakuna uliogeuka mwekundu kuonyesha mwendo wa Hillary.

Redio ya Motorola ikakoroma. Alikuwa Wepukhulu, jasusi mwenzake mwenye kitambi, aliyekuwa akikimbia katikati ya umati. "Unawaona?"

"Sioni. Wameambiwa wakimbie kama watu wa kawaida. Mwendo umejificha."

"Sasa tufanyeje? Mimi nakufa huku, bana!"

Cheptoo alifumba macho, akaomba. *Baba, nionyeshe.*

Akayafumbua.

"Rudi nyuma, kisha uwapite wote kwenye mlima. Uwachokoze."

"Kwa maneno gani?"

"Wa Kitale amepitwa na kitambi."

Wepukhulu alicheka mpaka redio ikapiga mluzi. Kisha sauti yake ikapaa juu ya umati.

"Nyinyi wa kofia! Mimi mtu wa Bokoli, nimeshiba ugali, nawapita mlimani? Si mrudi Kitale mkakamue ng'ombe!"

Watu waliangua kicheko. Kofia moja iliinama. Nyingine ikatema mate.

Ya tatu ilivumilia kidogo. Halafu visigino vikapanda.

Mraba mwekundu!

Nyonga ya kushoto ilishuka kidogo kila hatua. Hakuna aliyelelewa kwenye kambi ile ambaye angekubali kupitwa mlimani na tumbo la Bungoma.

"Hillary huyo. Mfuate, usimguse."

Cheptoo alishuka paani, akarukia pikipiki yake ya Yamaha, akapita uchochoroni kuelekea Kanduyi.

"Anaingia Hiace nyeupe," Wepukhulu alihema redioni. "Ina vitambaa vyekundu. Ni gari la matanga!"

"Wewe na askari ngojeni wenzake wafike."

Wakafika.

"Sasa!"

Rutger, aliyeketi kwenye usukani, alipopeleka mkono kiunoni, bastola ya Cheptoo, Ceska, ilikuwa tayari sikioni mwake. Pasipoti zilimwagika kwenye vumbi. Hillary alifungwa pingu kwa kutaka kuvuka na pasipoti ya bandia.

"Dada, ni wewe?"

"Jepkemboi alirudi kwa jeneza, Hillary."

"Na mimi nirudi kwa nini? Kwa matope ya nyumbani Endebess? Wewe unalipwa na serikali! Umeniua, Cheptoo. Mama akiniulizia, mwambie huna ndugu."

Askari walimwongoza kwenye Land Rover. Alitembea akiburuta mguu makusudi, mwendo ambao dadake hakuwahi kuuona.

"Kazi safi," Wepukhulu alisema, akijifuta jasho. "Wako hai wote watatu. Twende chai?"

"Kunywa wewe."

Cheptoo alivaa miwani ya jua, akavuka barabara bila haraka. Alitaka kushukuru. Alifika "Baba yetu," akakwama hapo, akaendelea kutembea.