Mswada Uliokosa wa Kuusemea

Jumamosi ile Lorene Penner alichemsha kahawa akatoa vikombe vitatu kabatini. Akakitazama kile cha tatu, kisha akakirudisha. Kila asubuhi mkono wake ulimfanyia vivyo hivyo.

Mumewe, Verl, aliingia kutoka kulisha ng'ombe.

"Utakuja kumsikiliza Royce?" Lorene akauliza.

"Nitakuja kula. Kusikiliza nakuachia wewe."

Royce Tibbets alikuwa mbunge wao katika bunge la jimbo la Kansas. Alikuwa mhafidhina, tena hakuficha. Hakupenda kodi, hakupenda sheria mpya, na hakupenda serikali ichungulie ua wa mtu. Watu wa pale walimpenda kwa hilo, na akina Penner walikuwa wamempigia kura miaka yote. Kila bunge lilipofunga kikao chake, alirudi nyumbani kuwaeleza kilichopita na kilichokwama. Alifanya hivyo katika ukumbi wa kanisa, watu wakila chapati za maji na soseji.

"Mwaka huu tumepitisha sheria chache kuliko mwaka jana," Royce alianza. "Hiyo ndiyo habari njema. Habari mbaya ni kwamba bado ni nyingi."

Watu wakacheka. Mzee Harlan akadakia kutoka nyuma, "Na kodi ya ardhi?"

"Tumeipunguza, Harlan. Kidogo."

"Kidogo cha kuonekana, au cha kutafuta kwa tochi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Lorene hakucheka. Alikuwa akisubiri jambo moja tu.

Binti yao wa pekee, Janae, alikuwa amefariki msimu wa mavuno uliopita. Aliingia ndani ya kihenge cha chuma kuvunja mahindi yaliyoganda juu. Chini, mashine ya kutolea mahindi ilikuwa ikizunguka. Mahindi yakamvuta, yakamfunika. Si kwamba Janae alikuwa mzembe. Wakulima wa pale wote huingia hivyo hivyo, kwa sababu mavuno yana haraka zake na baba zao waliingia hivyo. Zimamoto wa kujitolea walifika upesi, lakini walikuwa na makoleo tu. Kila walipochota, mahindi yalirudi palepale.

Baadaye mbunge wa wilaya ya jirani alipeleka mswada bungeni. Ulitaka vikosi vya vijijini vipewe vifaa vya kumwokoa mtu aliyezama kwenye nafaka, na mafunzo ya kuvitumia. Lorene aliushikilia mswada huo moyoni. Janae asingerudi, lakini mtoto wa mtu mwingine angeweza kurudi nyumbani.

Royce alimaliza bila kuutaja. Lorene akasimama.

"Royce, ule mswada wa vihenge umeishia wapi?"

Royce hakumtazama yeye. Alimtazama Verl.

"Umekufa, Lorene. Kamati haikuusikiliza. Mwenyekiti hakuupangia siku."

"Na wewe uko kwenye kamati hiyo hiyo. Ulimwomba aupangie?"

"Sikumwomba."

Lorene alichukua koti lake akatoka.

Verl alimkuta amekaa kwenye gari, ameangalia mbele.

"Amekutazama wewe," Lorene akasema. "Kwa nini?"

Verl aliingia akafunga mlango. "Nilimwambia siku ya mazishi. Nilimwambia asimgeuze mtoto wangu kuwa sheria."

"Ulimwambia bila kuniambia mimi."

"Wangetuita huko, Lorene. Wangeuliza ni nani aliyekuwa kwenye mashine."

Lorene alijua jibu. Wote wawili walilijua, na walikuwa wamelala nalo kitanda kimoja majira yote ya baridi bila kulitaja. Alitaka kumkasirikia mumewe, akashindwa. Huzuni ilikuwa imemchosha mno.

Jioni jirani yao Twyla Goertz alikuja na mkate. Twyla alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika ofisi za bunge kabla ya kustaafu. Lorene alimweleza yote.

"Nilidhani mswada ukishaandikwa, unakwenda wenyewe," alisema.

"Hauna miguu, mpenzi wangu," Twyla akasema. "Kila kikao wanapeleka miswada mingi mno. Mingi inakufa kwenye kamati, wala si kwa kupigiwa kura. Inakufa kwa kukosa mtu wa kuisemea."

"Sasa tufanye nini?"

"Unapelekwa upya kikao kijacho. Msisubiri kikao kianze. Nenda kwa Royce sasa hivi, umwambie unataka nini. Mwombe amwombe mwenyekiti aupangie siku. Siku hiyo ikifika, mtu yeyote anaruhusiwa kwenda kusema mbele ya kamati."

"Mimi si mwanasheria."

"Wanakamati wamewachoka wanasheria. Wewe utasema mambo matatu: ni nini kilitokea, unataka nini, na kwa nini. Useme kwa ufupi, maana dakika zenyewe ni chache. Halafu watakuuliza maswali. Usiseme uongo hata kidogo."

Verl alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia neno maswali, akarudi nje kwa ng'ombe wake.

Kesho yake Lorene alikwenda kwa Royce. Royce alivua kofia.

"Sipendi sheria ya kumfundisha mkulima kazi uani kwake," alisema. "Unanijua."

"Nakujua. Mimi mwenyewe siipendi. Lakini hii haimpeleki askari kwa mtu. Inawapa zimamoto kitu cha kushika zaidi ya koleo."

Royce aliizungusha kofia mikononi. "Na Verl?"

"Verl ni mume wangu. Janae ni mtoto wetu sote."

"Basi nitaubeba," Royce akasema. "Nilipaswa kukuuliza na wewe. Nisamehe."

Januari ilipofika, theluji ilifunika barabara yote ya kwenda Topeka, mji lilipo bunge. Verl aliendesha gari. Katika chumba cha kamati alikaa kiti cha nyuma kabisa. Lorene alisema kama alivyofundishwa, na sauti yake ikakatika mara moja tu, kwenye jina.

Mjumbe mmoja akauliza kwa upole, "Mama, mashine ilikuwa inaendeshwa na nani?"

Lorene alifungua mdomo. Hakuweza kulitamka jibu.

"Mimi." Verl alikuwa amesimama. "Mimi ni baba yake. Niliiwasha na nikamwacha aingie. Ndivyo baba yangu alivyofanya. Kama mnataka kuwatangazia wakulima kitu redioni, tangazeni hiki: zima mashine kwanza, ifunge kwa kufuli, na ufunguo akae nao mtu. Kisha mtu asiingie peke yake, tena afungwe mkanda na kamba. Basi."

Akaketi. Lorene alikwenda nyuma akakaa karibu naye.

Mswada ulipita. Majira ya kuchipua Royce alirudi ukumbini na mzaha wake wa sheria chache. Alipofika kwenye ule wa vihenge alisema tu, "Huu niliubeba mwenyewe," akakunja karatasi zake. Harlan hakuuliza habari ya kodi.

Kiangazi vifaa vililetwa. Kikosi kikahitaji kihenge cha kufanyia mazoezi, na mtu wa kuzama kidogo. Verl akasema, "Njooni kwangu."

Lorene alizima mashine kwa mkono wake, akaifunga, akatia ufunguo mfukoni. Verl alifungwa mkanda na kamba, akateremshwa hadi mahindi yakamfika kifuani. Zimamoto walishindilia mabati marefu kumzunguka, moja baada ya jingine, yakaungana kama pipa. Mahindi ya nje hayakuweza kumfikia tena. Wakachota ya ndani. Verl akavuta mguu mmoja, kisha wa pili, akapanda ngazi akatoka.

Alisimama juani, vumbi la mahindi limemjaa kwenye nyusi. Kahawa aliyoimimina Lorene kabla hajaingia ilikuwa bado inafuka moshi.

"Ni hivi tu?" akauliza.

Lorene alikuwa ameushika ufunguo mfukoni hadi ukamuumiza kiganja.

"Ndiyo, Verl," akasema. "Ni hivi tu."

Verl akaketi chini penye majani, akamlilia mtoto wake.