Aliyeushika Mkono wa Simiyu

Mkono wa kulia wa Simiyu haukuwa umesogea hata kidogo tangu azaliwe. Kwa hivyo Edah alipoingia chumbani saa nane mchana akaukuta umesimama wima juu ya blanketi, vidole vimejikunja kana kwamba vimeshika kitu, aliangusha beseni la nguo.

Mtoto alikuwa amelala fofofo. Mkono ukaanguka.

"Mama, umeingia kwa mtoto?"

"Sijatoka jikoni," akajibu mama mkwe wake, Phelista. "Kwani?"

Simiyu alikuwa na wiki tatu. Alizaliwa Kitale, kilo nne na nusu. Kichwa kilitoka, bega likakwama. Nesi Jepkemboi alihangaika naye mpaka mfupa wa mtulinga, pale juu ya bega, ukalia ta! Daktari alisema mfupa ungeunga wenyewe, ila mishipa ya fahamu ya mkono ilikuwa imevutika vibaya. Mazoezi, akasema, na subira. Edah akamleta mtoto nyumbani Kabuchai.

Siku moja baada ya mkono kusimama, ikaja harufu ya damu mbichi na dawa ya Jik ya kusafishia, harufu ya leba, wodi ya kujifungulia, ndani ya nyumba iliyozungukwa na miwa. Siku ya tatu, wakiwa mlangoni wanachambua kunde, walisikia wote wawili mtu akihema chumbani, akihema na kuuma meno kama anayesukuma, na walipokimbilia ndani waliukuta mkono ule mlegevu umenyooka na mtoto anateleza juu ya godoro, polepole, kuelekea ukutani, anavutwa, na pale ukutani hapakuwa na mtu.

Phelista alimdaka kiunoni. "Hii kitu imewafuata kutoka hospitali," akanong'ona. "Pigia huyo nesi. Muulize ni nani alikuwa kwa hiyo kitanda ulizalia, kabla yako."

Edah akampigia Jepkemboi, akamuuliza.

"Alikuwa anaitwa Kabura," akasema nesi. "Aliaga dunia asubuhi hiyo hiyo uliyojifungua. Mtoto wake hakutoka, alifia tumboni, wakazikwa pamoja. Edah, nisamehe. Tulibadilisha shuka tu, tukakulaza hapo."

Edah akapiga magoti mbele ya ukuta.

"Kabura, dada yangu. Wako mmelala naye. Hakuna mtu atamtoa sasa. Huyu ni wangu, na aliumia akija. Ukimvuta tena utammaliza. Pole, dada. Mwachilie."

Ukuta ukalia. Kilikuwa kilio cha mwanamke, kilichoshuka taratibu hadi sakafuni, kikazama. Harufu ikakatika.

Miezi miwili baadaye, mazoezini Bungoma, kidole gumba cha Simiyu kilicheza, kisha kiwiko kikajikunja. Edah alicheka huku machozi yanamtoka, akampigia Jepkemboi kumpa habari.

Nesi alikuwa analia.

"Edah, leo kuna mtoto mwingine bega limekwama, kwa kitanda kile kile. Mkono wa kushoto umelegea. Wanasema ati nilivuta." Akashusha sauti. "Sikuwa nimemshika. Nilikuwa bado navaa glavu."