Askari Aliyelikataa Karai Lake

Kazi ya kwanza ya Chiriku kila asubuhi, hata kabla ya kupiga mswaki, ilikuwa kusafisha karai la mchanga la paka. Alichota uchafu kwa kijiko chenye matundu, akautia kwenye mfuko, akaufunga fundo, kisha akashuka nao ngazi mpaka kwenye pipa la taka nyuma ya jengo. Akirudi aliongeza mchanga mkavu, akanawa mikono kwa sabuni, ndipo akadai chai yake. Alikuwa na jina jingine la shuleni, lakini nyumbani na mtaani wote walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Alianza kuzungumza akiwa bado anafikicha macho, na usiku usingizi ulimkatiza katikati ya sentensi.

Waliishi ghorofa ya tatu, yeye, mama yake na bibi yake mzaa mama. Mama alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa karakana yake: cherehani dirishani, meza ndefu ya kukatia nguo katikati, na vitambaa vya wateja vimepangwa kwenye rafu mpaka karibu na dari. Aliyeingia humo bila viatu alijua mwenyewe, kwa sababu pini hazikuwa na huruma.

Paka wao, dume la rangi ya kijivu, aliitwa Askari. Hakuletwa ili abembelezwe, aliletwa kazini. Hapo nyuma panya walikuwa wametoboa kitambaa cha suti ya mteja, na mama akatamka kwamba ama panya wahame ama ahame yeye. Askari alipoingia, panya walihama bila kuaga. Tangu siku hiyo hata bibi, ambaye hakuwapenda paka, alikubali kwamba yule alikula kwa jasho lake.

Kisa kilianza pale mama alipopata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kuzifanya chumbani humo: majoho ya kwaya ya shule, mekundu, yenye kola nyeupe. Alinunua hata mashine ya pili, ovaloki, ile inayofunga kingo za nguo zisifumuke. Asubuhi moja alinyanyua vipande alivyovikata jana yake, akasita, akavinusa. Anayeijua harufu ya mkojo wa paka hahitaji kuelezwa, na asiyeijua ashukuru.

Mama hakupiga kelele. Alivitenga vile vipande, akavua miwani na kuifuta kwa pindo la nguo, na hilo lilimuuma Chiriku kuliko kelele. Bibi ndiye aliyesema. Alisema paka ni kiumbe mwenye kinyongo. Labda alikanyagwa mkia au alicheleweshewa chakula, sasa analipiza. Dawa yake, alisema, ni kumkamata, kumsugua pua palepale alipokojoa, na kumchapa kandambili mbili tatu. Chiriku akamkumbatia Askari na kuomba apewe nafasi ya kuchunguza kwanza. Mama alikubali, ila kwa sharti moja. Paka akiharibu nguo nyingine, atapelekwa kwa msaga unga wa mtaa wa pili, ambaye alikuwa akitafuta paka wa ghalani.

Chiriku alilizunguka karai kama fundi bomba anayetafuta tundu. Mchanga ulikuwa safi. Lakini pembeni yake, karibu kabisa, ndipo ilipowekwa ovaloki mpya, na ovaloki ile ilipowashwa hata vikombe kabatini vilitetemeka. Chiriku akapiga paja. Hata yeye, alimwambia bibi, asingeweza kukaa chooni huku trekta linanguruma mlangoni. Akalihamishia karai kwenye ushoroba wa kwenda bafuni, mahali penye utulivu, akabadilisha mchanga wote.

Jioni ile Askari aliingia kwenye karai, na kesho yake pia. Basi, nani angemnyamazisha Chiriku? Darasani alisimulia jinsi alivyotatua tatizo lililowashinda watu wazima. Njiani alimsimulia muuza mkaa. Alimpa ushauri hata jirani mwenye kuku, ambaye hakuwa ameomba ushauri wowote. Siku moja alitoka shuleni na wenzake kadhaa wakimfuata, wakitaka kumwona huyo paka aliyefundishika.

Walimkuta mama amepiga magoti sakafuni na ndoo ya maji. Mbele yake palikuwa na joho lililokwisha kushonwa, mkono mmoja wa joho hilo umelowa, na harufu ileile imejaa chumba kizima. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Wenzake walisema wametumwa nyumbani, wakashuka ngazi mmoja mmoja. Chiriku alibaki mlangoni na mkoba mgongoni, masikio yanamwaka moto.

“Mwanangu, umejitahidi,” mama alisema bila kuinua kichwa. “Lakini kesho jioni mwalimu wa kwaya anakuja kuchukua majoho yake. Akishaondoka, Askari atakwenda kwa msaga unga.”

Chiriku alibadilisha sare, akachukua daftari lake la hesabu, akaketi sakafuni ushorobani mahali alipoweza kuona karai, bafu na mlango wa karakana kwa pamoja. Hesabu hazikusonga. Lakini safari hii hakuzungumza wala hakukisia. Alimtazama paka tu.

Na alipotazama, aliona mambo ambayo mdomo ulikuwa umemzuia kuyaona. Askari hakuwa amelisusia karai. Aliingia, akafukua, akachutama, akakaa muda mrefu sana, kisha akatoka bila kuacha kitu. Akaenda kwenye zulia la mlangoni, akachutama tena. Hakuna kitu. Akajilamba chini ya mkia kwa nguvu. Chakula chake kilikuwa palepale, hakijaguswa. Mwishowe aliingia bafuni, akapanda kwenye beseni jeupe la kufulia, akajikaza mpaka mgongo ukapinda, akatoa mlio mzito wa chinichini ambao Chiriku hakuwahi kuusikia kwake. Alipotoka, Chiriku aliinama kutazama. Kwenye weupe wa beseni palikuwa na tone moja dogo, nalo lilikuwa na rangi ya waridi.

Kwenye mchanga tone lile lisingeonekana kamwe. Wala kwenye joho jekundu.

Alikimbilia karakana na beseni mkononi. Cherehani ilikuwa ikienda mbio, na bibi alikuwa akishona vifungo karibu na dirisha. Bibi alipoliona beseni alisema hata bafuni sasa hakuna amani, paka kinyongo kimemzidi.

“Bibi, samahani,” Chiriku alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini. “Mwenye kinyongo halii akienda haja. Askari analia. Na hii ni damu.”

Cherehani ilinyamaza. Mama alilichukua beseni, akalisogeza kwenye mwanga, akatazama kwa makini kama anavyotazama mshono uliopinda. Kisha akaugeukia ule mrundo mwekundu. Majoho mengi yalikuwa bado hayajatiwa kola, na kesho ilikuwa kesho. Chiriku aliona jinsi mama alivyokuwa akipima pande zote mbili.

“Mama, majoho yanaweza kungoja mpaka turudi,” alisema. “Nadhani Askari hawezi.”

Mama alivua tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni, akaiweka mezani. Chiriku hakukumbuka kuwahi kumwona akiivua mchana, kazi ikiwa bado mezani. Bibi aliombwa abaki kuangalia nyumba. Askari alitiwa kwenye kikapu chenye kifuniko, kilichotandikwa mabaki ya vitambaa.

Kituo cha daktari wa mifugo kilikuwa na benchi refu ukutani, na benchi lilikuwa limejaa: mbuzi mwenye kwato iliyovimba, tundu la kuku wanaosinzia, na bwana mmoja aliyeshika ndama kwa kamba. Bwana yule alichungulia kikapuni, akauliza kwa sauti kubwa kama siku hizi paka nao wana hospitali, maana kama ndivyo, yeye kesho atamleta mende wake ana mafua. Benchi zima likacheka. Siku nyingine Chiriku angemrudishia mawili matatu ya kumtosha. Lakini mkono wake ulikuwa juu ya kikapu, na chini ya kiganja alisikia Askari akitetemeka. Akamwomba tu bwana yule, kwa heshima, kama angeweza kuwapisha watangulie, kwa kuwa paka hawezi kukojoa. Bwana akaacha kucheka. Akamvuta ndama wake pembeni, na wengine wakakubali.

Daktari, mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa, alimuuliza mama tatizo lilianza vipi.

“Muulize mwanangu,” mama alijibu. “Ndiye aliyekaa akamchunguza.”

Chiriku akaeleza. Hakupamba wala hakuzunguka. Alisema paka alianza kukojoa nje ya karai wiki hii, kwanza kwenye vitambaa. Kwamba karai lilikuwa safi na lilihamishwa kutoka karibu na mashine. Kwamba leo anachutama mara kwa mara bila kutoa kitu, analia, hali chakula, na mkojo kidogo uliotoka una damu. Daktari alikuwa ameanza kupapasa tumbo la Askari kabla Chiriku hajamaliza.

“Kibofu chake kimejaa, kimekuwa kigumu kama ndimu,” alisema. “Njia ya mkojo imezibwa na chembechembe kama za mchanga. Hili huwapata sana paka madume. Mngengoja mpaka kesho jioni, mngekuwa mnamzika.”

Mama akaketi. Kesho jioni ndiyo saa aliyokuwa amepanga kumpeleka kwa msaga unga.

Daktari alieleza huku akitayarisha mpira mwembamba wa kuzibulia. Alisema paka akiumia wakati wa kukojoa hajui kwamba ugonjwa uko ndani yake. Hudhani ni karai linalomuumiza. Ndiyo maana hulikimbia, akatafuta mahali laini kama kitambaa au pa baridi kama beseni. Kumpiga kungemwongezea hofu juu ya maumivu. Askari angelala pale kwa matibabu, na akirudi nyumbani angehitaji maji mengi, chakula chenye majimaji, utulivu, na karai la pili. Na nguo zilizochafuka zioshwe kwa maji baridi yenye siki, zilowekwe, kisha zianikwe juani, kwa kuwa harufu ikibaki paka hurudi palepale.

Alipowasindikiza nje, daktari alisimama mbele ya lile benchi. Alisema, huku akiwatazama wote, kwamba watu wazima wengi humletea mnyama na kumwambia “anaumwa tu,” lakini binti huyu amempa nusu ya kazi ikiwa tayari imefanywa. Mwenye ndama aliinamisha kichwa kwa heshima. Mama alinyoosha kilemba chake na kupita mbele ya benchi lile taratibu, kidevu juu, kama mtu aliyevaa nguo mpya.

Kazi ya usiku na ya siku iliyofuata haikuwa ndogo. Mama alishona, bibi alipiga pasi, na Chiriku alifua vilivyochafuka kwa siki na kuvianika juu ya paa, akivigeuza mpaka vikakauka kila upande. Mwalimu wa kwaya alipofika, majoho yalikuwa yamepangwa mezani. Mama angeweza kunyamaza. Badala yake alimwonyesha yaliyochafuliwa na paka, akamweleza yote, akasema kama hataridhika atashonewa mengine. Mwalimu alinusa mkono wa joho, akanusa na kola. Akauliza nani aliyeyafua. Alipoonyeshwa, alimwambia Chiriku kwamba watoto wake wataimba vizuri zaidi wakijua nguo zao zimepita kwenye mikono ya namna hiyo, akayachukua yote.

Askari alirudi amekonda, na sehemu ya mguu imenyolewa pale palipochomwa sindano. Aliinusa nyumba nzima, akapita kwenye ovaloki, akaingia ushorobani. Chiriku, mama na bibi walisimama nyuma ya mlango wakichungulia kama wezi. Paka akaingia kwenye karai, akafukua, akachutama, na wote watatu wakasikia sauti ya mkojo kwenye mchanga, mrefu na usiokatika.

“Katika umri wangu wote,” bibi alinong'ona, “sikujua kama nitakuja kufurahia mkojo.” Akaenda mwenyewe kujaza bakuli la maji ya Askari, na kutoka siku hiyo hakuruhusu mtu mwingine alijaze.

Walipokuwa wakinywa chai, Chiriku alikiri kwamba alijiona mjinga kwa jinsi alivyojisifu mtaa mzima mara ya kwanza. Mama alicheka kidogo, kisha akamshika bega.

“Mara ya kwanza ulijisifu, na ilikuwa haki yako, ulikuwa umefanya kazi. Kosa ni kwamba uliacha kuangalia,” alisema. “Mara ya pili uliaibika, na aibu haikukuondoa pale sakafuni. Hapo ndipo uliponipa fahari, mwanangu. Mimi nilikuwa nimeshatoa hukumu, na bibi yako alikuwa ameshapanga adhabu, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameuliza sababu. Kosa usilolijua chanzo chake usiliadhibu, liwe la paka au la mtu. Na asiyeweza kujieleza anamhitaji mtu wa kumwangalia kwa subira, halafu amsemee.”

Bibi aliitikia kwamba hayo ni maneno ya kweli. Chiriku alifungua mdomo kujibu, akaona hana la kuongeza. Alikunywa chai yake, mgongo umenyooka, huku Askari akilala juu ya miguu yake.