Injinia wa Mtaani

Mtaa mzima ulimwita Injinia. Hata watoto waliotumwa dukani walimwamkia hivyo: "Shikamoo, Injinia." Alikuwa fundi friji, na fundi mzuri kwelikweli, ila chuo cha uhandisi alikijua kwa kupita nje ya geti. Jina hilo alipewa kwa utani na mwenye bucha, siku alipofufua jokofu ambalo mafundi wengine walikuwa wamelikatia tamaa. Akalipenda. Nani asingelipenda?

Kiwanda cha maziwa ambako alitunza vyumba vya baridi kilipofungwa, alibaki nyumbani. Mkewe, mshonaji, alishinda kwenye cherehani sebuleni. Yeye alishinda kwenye kochi, akijifanya anasoma habari kwenye simu. Ndipo shemeji yake, mdogo wa mkewe, alipomfungulia akaunti kwenye mtandao wa wanataaluma, ule ambao watu huonyesha kazi zao na waajiri huwatafuta humo. Kwenye wasifu wakaandika: Injinia Mkuu wa Mitambo ya Baridi. Wakaweka picha yake akiwa na suti ya kuazima. Chini yake wakaongeza picha ya chumba cha baridi kinachometameta, ambayo shemeji aliiokota mtandaoni. Fundi hakuwahi hata kukanyaga mlango wa chumba hicho.

Jumanne asubuhi ujumbe uliingia. Msimamizi wa stoo ya chanjo alikuwa ameuona wasifu, na alitaka wazungumze kwa video saa tisa alasiri. Kabla ya hapo aliomba atumiwe namba ya usajili wa uhandisi, na maelezo ya kile chumba kwenye picha.

Mkewe alifurahi, kisha akamtazama mumewe usoni, furaha ikaisha. Fundi alikuwa anatoka jasho.

Shemeji alipoitwa hakuona tatizo. Alisema ana rafiki aliyesajiliwa, watumie namba yake tu, nani ana muda wa kukagua? Maswali yakizidi, waseme mtandao unasumbua. Kijana huyo ana roho nzuri, lakini akili yake kuna siku huiacha kitandani.

Fundi akaanza kuiandika namba ya watu. Mkewe akafunika simu kwa kiganja. Akamwambia asiguse kitu mpaka arudi, akatoka kwenda kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa mama anayefanya kazi ya kuajiri watu katika kampuni moja, na siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Alikuja na ndala zake, akaketi, akausoma wasifu wote.

"Mtaani, Injinia ni jina la utani," alisema mwishowe. "Humu ni ahadi. Watu watakuachia chanjo za watoto kwa sababu ya neno hilo."

"Dada, mashine nazijua."

"Basi andika mashine unazozijua."

"Nikiandika fundi, nani atanitazama?" Sauti yake ilikuwa na uchungu. Kumbe hilo ndilo lililokuwa linamla tangu kiwanda kifungwe.

Jirani akamweleza taratibu. Mwajiri hatafuti cheo kikubwa, anatafuta sababu ya kukuamini. Kwa hiyo sema unachokifanya kwa maneno ya kawaida. Onyesha kazi ya mikono yako mwenyewe, na kama ni mali ya mtu, omba ruhusa kwanza. Simulia kazi moja: tatizo lilikuwa nini, ulifanya nini, ikawaje. Na mtu uliyefanya naye kazi aandike anavyokujua.

"Halafu umwandikie msimamizi ukweli, kabla hajakupigia," akaongeza.

"Atanifutilia mbali."

"Anaweza," alisema jirani. Hakutaka kumdanganya.

Fundi akaenda bucha, akaomba ruhusa, akapiga picha za lile jokofu na kueleza alivyolitengeneza. Mkewe akampiga picha dirishani akiwa na ovaroli lake. Msimamizi wake wa zamani kiwandani akakubali kumwandikia maneno machache. Juu kabisa wakaandika: Fundi wa majokofu na vyumba vya baridi. Kisha akamwandikia msimamizi wa stoo ujumbe: "Mimi si injinia. Chumba kile si kazi yangu. Nimesahihisha wasifu. Naomba radhi." Akautuma.

Ujumbe ulisomwa. Jibu hakuna. Saa tisa ikafika, ikapita. Shemeji akafungua mdomo, dada yake akamkazia macho, akaufunga.

Ndipo simu ikaita. Msimamizi alikuwa mwanamke asiye na tabasamu. Alisema kazi ya injinia haimhusu fundi tena. Lakini amesoma habari za jokofu la bucha, na injinia wao atahitaji fundi chini yake. Ana jambo moja la kumuuliza.

"Umefika asubuhi, ukakuta chumba cha chanjo kimepata joto. Utafanyaje?"

"Nitazihamishia chanjo kwenye jokofu linalofanya kazi, nizitenge na kuweka alama zisitumike. Ndivyo tulivyofanya na maziwa. Halafu nitakupigia wewe, ndipo nishike mashine."

"Na hizo chanjo, zimeharibika au bado nzima?"

Jirani akatazama chini. Mkewe akashika ukingo wa cherehani. Fundi alijua kwamba jibu moja lingeweza kumrudisha kwenye kochi.

"Sijui," alisema. "Mimi najua mashine. Chanjo sizijui, na sitaki kukisia."

Msimamizi akaweka kalamu yake chini.

"Wote niliozungumza nao leo walikuwa wanajua," alisema. "Njoo kesho uione stoo."

Fundi akaweka simu mezani, akalia mbele ya shemeji yake bila kuona haya. Jumatatu iliyofuata alikabidhiwa funguo za chumba cha chanjo.