Kiti cha Tarehe Thelathini na Moja

Vuta kiti ukae, na usinikatize, maana hii ukiisikia nusu utanicheka.

Tarehe thelathini na moja Machi, mchana kweupe, Chizuru Kurobe alikuwa bustanini nyuma ya halmashauri, kavaa suti ya kazi, anatafuna mkate. Huyu dada ni karani wa muda, dirisha la vyeti, mwaka wa sita sasa. Kila mwaka mkataba unaisha tarehe thelathini, mpya unaanza Aprili mosi. Hiyo siku ya katikati yeye si mfanyakazi wa mtu. Wanaiacha wazi makusudi, isije ikahesabika kafanya kazi mfululizo akadai haki za watu wa kudumu. Nyumbani sasa, mama yake anajua mwanawe ni wa kudumu. Ndiyo maana suti. Ndiyo maana bustani. Aibu tu.

Bi Sonoda wa usafi akapita na ndoo, akaganda.

"We Chizuru! Umetokea wapi? Si nimekuacha dirishani sasa hivi?"

"Mimi? Leo sipo kazini, mama."

"Usinitanie." Akashusha sauti. "Jana ulikigeuza kiti?"

Pale ofisini, mtu wa muda akimaliza tarehe thelathini hukipandisha kiti mezani, miguu juu. Kiti kikibaki wazi siku ile, kuna kitu kinakikalia. Lakini jana wateja walikuwa wamejaa, na kugeuza kiti mbele yao ni kama kujitangaza kibarua. Chizuru aliona haya, akakiacha.

"Sikugeuza," akanong'ona.

"Basi jini limeingia. Na haliondoki mpaka wewe mwenyewe useme mbele ya wote kwamba leo huna kazi hapa. Likitoka na mtu wako kabla hujasema, ndiyo basi tena, humwoni."

Chizuru akanyata hadi mlango wa kioo wa pembeni. Akajiona kule ndani, dirishani kwake. Suti ile ile, nywele zile zile, linagonga mihuri, ta, ta, ta, bila kuangalia karatasi, bila kupepesa macho hata mara moja, na kwenye upenyo wa mlango ikamjia harufu ya makaratasi yaliyolowa yakavunda, ikamkaa kooni, na pembeni yake Bwana Isogai, mkuu wa kitengo, hata tarehe kaisahau, amesimama anachekelea kama kaona mchumba.

"Chizuru, leo umewaka! Kwa kasi hii nakuombea kazi ya kudumu."

"Nitashukuru, bosi," likajibu, kwa sauti yake Chizuru, likainama kwa adabu zote.

Kudumu. Miaka sita hajawahi kuambiwa neno hilo.

Mara mlango wa mbele ukafunguka, akaingia mama yake, kikopo cha wali kimefungwa kitambaa.

"Mwanangu, umesahau chakula! Halafu umepauka, wanakutesa hapa?"

Jini likainua macho, likayapitisha juu ya bega la mama, likamtazama Chizuru pale kwenye kioo, likatabasamu.

"Hapana, mama. Natoka mapema leo. Twende wote nyumbani."

Likasimama. Mama akalishika mkono.

"Sema!" Bi Sonoda akamsukuma. "Sema sasa hivi!"

Chizuru akausukuma mlango. Wateja wakageuka, bosi akageuka, mama bado. Akisema, mama anaujua uongo wote na ile kazi ya kudumu inayeyuka, na wale wawili wamebakiza hatua nne kufika nje.

Wewe ungesema?