Muswada wa Ukumbi na Ahadi ya Saskia

Basi la watoto wa mashambani lilikuwa la kwanza kufika shuleni. Kila asubuhi ya Julai, katikati ya majira yao ya baridi, Bridie alishuka akiwa amemshika mkono mdogo wake Ned, wakasimama barazani pamoja na wenzao, wakikanyagakanyaga chini ili miguu isife ganzi. Uwanja wote ulikuwa mweupe kwa umande ulioganda. Ukumbi wa shule ulikuwa na joto tele, lakini asubuhi ulikuwa wa mazoezi ya netiboli ya watoto wa mjini. Watoto wa basi hawakuruhusiwa kuingia mpaka saa ya masomo.

"Bridie, kifua kinanibana," Ned alisema.

"Vuta dawa yako. Polepole. Ehee, hivyohivyo." Bridie alimshikia kichupa chake cha dawa ya pumu mpaka pumzi zikatulia. "Vumilia. Leo tunapiga kura. Wiki ijayo utakuwa mle ndani unakunywa Milo, nakwambia."

Hakuwa akijigamba bure. Muhula ule Mwalimu Petrou alikuwa ameligeuza darasa la sita kuwa bunge zima zima la shirikisho la nchi yao, na mwalimu mkuu, Bwana Haddow, alikubali kuwa Gavana Mkuu. Aliahidi kwamba muswada wowote utakaopita sawasawa atautia saini, uwe sheria ya shule. Basi Bridie akaandika Muswada wa Ukumbi: watoto wa basi waingie ndani asubuhi za baridi, netiboli ihamie alasiri.

Si kazi ndogo kuufikisha muswada mwisho! Baraza la Wawakilishi liliusoma mara ya kwanza, likagombana juu yake siku nzima uliposomwa mara ya pili, likabadili kifungu kimoja, ndipo likaupitisha mara ya tatu. Ukabaki mikononi mwa Seneti, ambako kila jimbo lina viti sawa, liwe kubwa liwe dogo. Bridie alikuwa seneta huko. Kiti kimoja cha jimbo la Tasmania kilikuwa wazi kwa kuwa mwenyewe amehama shule. Katika waliobaki, sita waliutaka muswada na watano hawakuutaka. Na katika Seneti, kura zikilingana, hoja imekufa.

Kisha Angus, mmoja wa wale sita, akaanguka na pikipiki shambani kwao na kuvunjika mguu. Alikuwa amelazwa hospitali katika mji mkuu, Canberra.

"Tuahirishe kura mpaka apone?" Mwalimu Petrou aliuliza siku ile ya ajali. "Au tufuate desturi ya maseneta? Mtu wa upande huu akikosekana kwa sababu ya haki, mmoja wa upande wa pili hukubali kutopiga kura, ili mizani isiharibike. Wawili hao huitwa jozi."

Mkono wa Saskia ulikuwa juu kabla ya mwalimu kumaliza. Saskia alikuwa nahodha wa netiboli na aliupinga muswada waziwazi, lakini alikuwa pia shoga yake Bridie tangu chekechea.

"Mimi nitakuwa jozi ya Angus," alisema. "Kengele ikilia, natoka nje."

"Bridie, waonaje?"

"Hakuna haja ya kuahirisha, Mwalimu," Bridie alijibu akicheka. "Huyu namjua nje ndani."

Sasa siku ya kura imefika. Mwalimu Petrou alikuwa amekalia kiti cha Rais wa Seneti. Mjadala ulipokwisha, aliuliza nani wanaafiki na nani wanapinga. Pande zote mbili zikapiga kelele, hapakuwa na mshindi. Akageuza saa ya mchanga na kutikisa kengele: mchanga ukiisha, milango hufungwa na kura huhesabiwa. Wanaoafiki walikwenda kukaa kulia kwake, wanaopinga kushoto. Saskia akatoka nje kama alivyosema. Bridie akahesabu harakaharaka: watano huku, wanne kule. Moyo ukamruka kwa furaha.

Mchanga ulikuwa umebaki kidogo tu. Mlango ukafunguliwa. Saskia akaingia, hamtazami mtu, akakaa kushoto.

"Saskia!" Bridie alipiga kelele. "Wewe ni jozi ya Angus!"

"Kaa chini, Seneta," mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa nzito. "Fungeni milango."

"Lakini Mwalimu, aliahidi! Mbele ya darasa zima!"

"Nimesikia. Hata mimi sina kanuni ya kumzuia. Ni seneta, yumo ndani, ana haki ya kura yake." Alihesabu, ingawa kila mtu alikwishaona. "Wanaoafiki watano. Wanaopinga watano. Hoja imeshindwa."

Loo! Bridie alipigwa na butwaa. Kushindwa angevumilia, watu hushindwa kila siku. Lakini kugeukwa na Saskia, mtu anayelala kwao na kula mezani kwao! Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa mkono wa sweta kwa hasira.

Mapumziko ya mchana alimkuta Saskia kwenye benchi akila mkate wake peke yake. Hata wa upande wake hawakwenda kukaa naye.

"Kwa nini?" Bridie aliuliza.

"Kocha amesema alasiri hatapata nafasi. Timu ingevunjika." Saskia alitazama pembeni. "Halafu, ile jozi imeandikwa wapi? Nionyeshe. Si kwenye kanuni, si kwenye katiba."

"Haikuandikwa kwa sababu ulisema kwa mdomo wako! Mimi ndiye niliyemkataza Mwalimu asiahirishe. Kwa ajili yako! Umenifanya mjinga mbele ya watu."

"Ni mchezo wa darasani tu, Bridie."

"Mchezo? Kesho asubuhi pita pale barazani umsikie Ned anavyovuta pumzi, kisha uniambie tena ni mchezo."

Akaondoka. Siku ile hawakusemezana tena, na Bridie aliona uchungu hata wa kumtazama.

Kabla ya kupanda basi alimfuata Mwalimu Petrou. "Ndiyo kusema basi tena, Mwalimu?"

"Ipo njia moja. Kura ikiharibika kwa namna hii, seneta huweza kuomba ipigwe upya. Lakini lazima Seneti nzima ikubali. Mmoja tu akisema anapinga, imekwisha."

"Mmoja tu? Saskia atapinga."

"Huenda. Kuomba ni juu yako."

Asubuhi iliyofuata baridi ilikuwa kali zaidi, na Ned alikohoa mpaka akachuchumaa. Saskia aliteremka kwenye gari la baba yake, mpira kwapani. Alisimama akamtazama yule mtoto kwa muda, kisha akaingia ukumbini. Bridie aliona.

Seneti ilipoketi, Bridie alisimama. "Naomba kura ya jana irudiwe, kwa kuwa ahadi ya jozi ilivunjwa."

"Kuna anayepinga?" mwalimu aliuliza.

Saskia akasimama. Darasa likaguna. Bridie akafumba macho.

"Sipingi," Saskia alisema. "Muswada bado siutaki. Lakini mimi ndiye niliyeharibu kura. Niliahidi, kisha nikaingia." Hakungoja kengele. Alitoka nje na kuufunga mlango nyuma yake.

Kengele ilipolia hakurudi. Kura zikawa tano kwa nne, na kura ya mwisho, muswada uliposomwa mara ya tatu, ikaenda vivyo hivyo. Bwana Haddow akaitwa, akausoma muswada mstari kwa mstari, akatia saini: sheria kuanza Jumatatu. Kocha wa netiboli alinuna, kisha akasema atatafuta nafasi.

Wenzake wakamkumbatia Bridie, lakini furaha yake ilikuwa nusu. Alibaki darasani.

"Bado nina hasira naye, Mwalimu."

"Una haki," Mwalimu Petrou alisema. Aliwaita wote warudi wakae, pamoja na Saskia. "Sikilizeni. Mmejifunza njia ya muswada: Baraza, Seneti, saini. Hayo yote yameandikwa na mtayakuta kwenye mtihani. Lakini jana kanuni zote zilifuatwa, na haki ikapotea. Sheria zinatungwa na watu, na watu wasiotimiza walichoahidi hawawezi kutunga kitu kikasimama. Saskia, kusema kweli leo kulikuwa kugumu, nawe umeweza. Kuaminiwa tena kutachukua muda, na ni kazi yako mwenyewe." Kisha akafungua ratiba. "Ijumaa Saskia yuko kwenye mashindano ya wilaya, nasi tuna kura ya muswada mwingine. Nani atakuwa jozi yake?"

Hakuna aliyeinua mkono. Saskia aliinamia dawati lake, masikio mekundu.

"Mimi," Bridie alisema. Saskia alipoinua uso, Bridie hakutabasamu. "Na mimi nikisema natoka, natoka."