Wamebaki Wawili

"Jina la ukoo la mtoto?"

Mama mtoto akalitaja. Karani akaacha kuandika.

"Hebu nitajie tena, dada."

Akalitaja tena, huku akimbembeleza mwanawe wa wiki sita. Kadi ya kliniki nayo ilisema hivyohivyo.

"Ni la baba yake?"

"Ndiyo. Ni fundi vioo. Kasema nitangulie, kazi zimembana."

Ungekuwa wewe, ungejifariji kwamba majina hufanana. Mwenye kupenda hakosi kisingizio. Lakini karani huyu wa vizazi na ndoa hakuwa na pa kujificha, maana jina lile alilihesabu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mchumba wake, fundi vioo, alikuwa na baba mwalimu mstaafu, mzee wa maneno mengi na machozi ya karibu. Siku moja alimwambia, "Mkwe wangu, zamani ukiita jina letu sokoni wanageuka watu kumi. Siku hizi nageuka mimi tu." Kwa kumpenda mzee, karani akamaliza Jumamosi tatu akifukua vitabu vya ofisi. Katika kitabu cha zamani kabisa, jina lilijaza kurasa mbili. Katika kilichofuata, watu kumi na mmoja. Mabinti waliolewa wakachukua majina ya waume zao, na vijana kadhaa waliliona la kizamani wakalitupa. Kitabu cha sasa kilikuwa na wawili tu, mzee na mwanawe. Mzee alipoambiwa alilia, kisha akacheka.

"Basi mnizalie timu nzima ya mpira!"

Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu.

Karani akaomba udhuru, akatoka koridoni na simu.

"Mpenzi," fundi akaitika, "mbona mapema hivi?"

"Kuna mtoto hapa ana jina lenu."

Fundi akatoa kicheko kikavu.

"Ah, si majina hufanana? Wako wengi tu."

"Wangapi?"

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Mimi najua. Nimehesabu. Mko wawili, na baba yako ana miaka themanini na moja."

Fundi akaanza kusema, karani akamkatiza.

"Mtoto haandikwi jina la baba bila saini ya baba. Njoo. Usipokuja, nampigia mzee."

Karani alibaki ameegemea ukuta. Angeweza kurudi ndani akasema, "Dada, rudi mwezi ujao." Maneno machache tu, na gauni la harusi lililoning'inia kwa fundi cherehani lingevaliwa. Alilitaka lile gauni. Alimtaka yule mwanamume, hata dakika ile, na alijichukia kwa hilo. Akarudi ndani.

"Kaa kwenye benchi, dada. Baba yake anakuja."

"Unamfahamu?"

"Nilidhani namfahamu."

Fundi aliingia akihema, unga wa vioo bado mikononi. Hakujua amtazame nani.

"Mpenzi, tuongee nje kidogo."

Mama mtoto akasimama. "Mpenzi? Mpenzi nani?"

"Mimi," karani akasema. "Tulikuwa tunaoana mwezi huu."

"Mungu wangu! Dada, sikujua. Naapa kwa huyu niliyembeba, sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua usingelileta hilo jina kwangu."

Fundi akaikamata meza. "Niliteleza tu. Kuteleza si kuanguka."

"Umeteleza?" mama mtoto akaruka. "Miaka miwili unateleza kwangu, mpaka na mswaki umeweka?"

Watu wa foleni wakacheka. Karani naye nusura acheke, kisha macho yakamjaa machozi.

"Saini hapa," akasema.

"Nakupenda wewe. Nakuapia."

"Hilo ndilo linaloniua. Saini."

Akasaini. Karani akaliandika jina kitabuni, herufi kwa herufi, kwa mwandiko wake mzuri. Mwaka mzima alikuwa akijizoeza kuliandika pembeni ya jina lake mwenyewe, kwa hiyo mkono haukukosea. Akampa mama mtoto cheti.

"Mlee vizuri."

Fundi alipofungua mdomo tena, karani alimwonyesha mlango. Akatoka kichwa chini, mama mtoto akimfuata na maswali yake.

Simu ikalia. Mzee.

"Mkwe wangu! Maandalizi yanaendaje?"

"Baba, jina lenu limeongezeka. Sasa mko watatu."

"Mungu mkubwa! Una mimba, mwanangu?"

"Si mimi, baba."

Redio ya mzee ilisikika ikisoma habari. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini, ya aibu, lakini hakuweza kujizuia.

"Ni wa kiume?"

"Wa kiume, baba."

Akasikia mzee analia, na hakuna kati yao aliyeuliza kilio kile ni cha furaha au cha msiba.

"Na wewe je, mwanangu? Wewe utakuwa nani yetu?"

"Mimi nabaki na jina la baba yangu. Wenye lile tumejaa tele, hakuna atakayejua aliyeachika ni yupi."

Akakata simu, akavuta fomu mpya, akafungua mdomo amwite anayefuata. Kikatoka kilio.